Simu ya deni lisilo lako: kwa nini usilipe, na ufanye nini

Jumanne asubuhi, kipindi kikiwa kimebakiza dakika chache kwisha, tulipokea simu ya mama mmoja mkulima wa viazi kutoka vijiji vya huku kwetu milimani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nadaiwa, lakini sijakopa."

Nikamwomba atusomee meseji aliyotumiwa. Akampa mjukuu wake simu, mtoto akasoma hewani kwa sauti ya darasani: kwamba mama huyo ni mdhamini wa kijana fulani aliyekopa kwa njia ya simu, kwamba kijana amekimbia, na kwamba mama asipolipa shilingi 38,000 kabla ya saa nane mchana, jina na namba yake vitatumwa kwa watu wote anaowafahamu kama mshiriki wa wizi.

Kijana mwenyewe anamjua. Ni wa bodaboda, aliwahi kumbebea magunia ya viazi hadi barabarani misimu miwili iliyopita. Hawajawahi kuzungumza habari ya mkopo. Mama anatumia kiswaswadu, hajawahi kuingia intaneti, na programu ya mikopo hajui inafananaje. Lakini swali lake halikuwa "kwa nini mimi?" Aliuliza hivi: "Nikiuza kuku nikalipa nusu, wataniacha?"

Tangu siku hiyo nimepokea meseji nyingi za wasikilizaji waliopatwa na jambo kama hilo. Wapo waliolipa. Mmoja alilipa mara mbili. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu dakika tano za hewani hazikutosha.

Jibu fupi kwa yule mama ni hili: usilipe hata shilingi. Namba yako kuwa kwenye simu ya mtu hakukufanyi uwe mdhamini wake.

Namba yako waliipata wapi

Programu nyingi za mikopo, mtu anapoziweka kwenye simu janja yake, humuuliza maswali kwa haraka: unaruhusu tuone picha zako? Unaruhusu tusome meseji zako? Unaruhusu tuone majina uliyoyahifadhi? Mwenye shida ya hela hasomi. Anabonyeza "ruhusu" mpaka mwisho, kwa sababu mtoto amerudishwa ada au pikipiki imekatika mnyororo. Kuanzia dakika hiyo, kampuni inaweza kuwa na nakala ya majina yote yaliyomo kwenye simu: mama yake, mwalimu, mchungaji, fundi cherehani, na mama wa viazi aliyemhifadhi kama "Mama Viazi Juu".

Google walizuia jambo hili kwenye duka lao la programu kuanzia Mei 31, 2023: programu ya mikopo binafsi hairuhusiwi tena kuchukua orodha ya majina wala picha za mteja. Lakini programu nyingine hazipitii dukani. Mtu anatumiwa kiungo kwenye meseji au kwenye kundi la WhatsApp, anabonyeza, programu inaingia. Huko hakuna anayekagua.

Ipo pia njia ya zamani, isiyohitaji ujanja wowote. Fomu inamtaka mkopaji aandike majina na namba za watu wawili wa karibu. Anaandika bila kuwauliza. Kesho yake hao wawili wanaitwa wadhamini.

Neno "mdhamini" ndilo linalotutisha

Hapa nataka nikae kidogo, maana naamini ndiko wengi wanakobanwa.

Sisi tuliokulia kwenye vikundi tunalijua neno dhamana vizuri sana. Kwenye VICOBA, kwenye kikundi cha kina mama cha mkopo, mmoja asipoleta rejesho wenzake wanachanga. Hairuhusiwi kuondoka mpaka hesabu ikamilike. Tumezoea kulipiana, na mtu anayekataa kulipia mwenzake anaonekana mbaya. Kwa hiyo meseji ikisema "wewe ni mdhamini", moyo wa mtu wa kijijini unakubali kabla akili haijauliza: nilisaini wapi?

Kisheria, mambo haya mawili ni mbalimbali kabisa. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, makubaliano huwa mkataba pale pande zinapokubaliana kwa hiari. Dhamana nayo ni mkataba: wewe unaahidi kwamba fulani akishindwa, utalipa. Kwenye kikundi uliahidi, tena mbele ya watu, na jina lako limo kwenye daftari. Hilo ni deni lako, lilipe. Lakini kama hukuambiwa, hukusaini, hukubonyeza chochote, hakuna ahadi uliyotoa. Mtu mwingine hawezi kukuahidia wewe kulipa, hata akiwa mwanao wa kumzaa.

Na lile tishio la "polisi watakuja kukuchukua leo"? Deni la kawaida ni shauri la madai. Anayedai huenda mahakamani, akishinda hukazia hukumu, na dalali wa mahakama huja na amri iliyoandikwa. Hakuna mahakama inayotuma amri kwa meseji saa kumi na moja alfajiri ikitaka hela kabla ya saa nane.

Namba ya mtu mwingine uliyorithi

Si kila mara unayetafutwa anafahamiana nawe. Hili limenipata mimi mwenyewe.

Mwaka juzi nilinunua laini mpya kwa ajili ya kupokea meseji za wasikilizaji. Wiki ya kwanza tu simu zikaanza. Wanamtaka mtu mwingine, jina ambalo sijawahi kulisikia, wa mkoa mwingine kabisa. Laini isipotumika muda mrefu kampuni ya simu huifunga, na baadaye namba ile ile huuzwa tena. Mwenye namba wa zamani alikuwa ameacha deni, na mimi nikarithi simu zake.

Nikafanya kosa ambalo sasa nawakataza wengine. Nilitaka kuthibitisha kwamba mimi siye. Nikawatajia jina langu kamili, nikawaambia ninafanya kazi redioni, nikawaambia hata mji. Nilidhani nawasaidia kurekebisha kumbukumbu zao. Baada ya siku mbili ikaja meseji: "Ndugu mtangazaji, unamficha mdaiwa wetu." Safari hii ina jina langu. Kisha wakapiga hadi mapokezi ofisini. Nilikuwa nimewapa wenyewe fimbo ya kunichapia.

Kwa hiyo anayekupigia na kusema "thibitisha kwamba wewe siye, tuma namba ya NIDA au picha ya kitambulisho", usitume. Mzigo wa kuthibitisha ni wake. Zaidi ya hapo, namba ya NIDA na picha ya uso wako vikiwa mikononi mwa mtu usiyemjua, anaweza kuvitumia kuombea mkopo mwingine kwa jina lako. Hapo utakuwa umetoka kwenye deni la uongo na kuingia kwenye deni lenye karatasi.

Na wewe unayeacha laini ya zamani: waambie benki yako, kikundi chako na yeyote unayemdaiwa. Anayekuja kuinunua hana kosa.

Deni likiwa kweli kwa jina lako, ila si lako

Hii ndiyo hali ngumu kuliko zote, na ni hiyo tu ambayo kupuuza kunaweza kukuumiza.

Laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Wapo mawakala wasio waaminifu wa kupita mitaani na minadani: unaweka kidole, anasema "haijasoma, weka tena", unaweka tena. Mara ya pili huenda alikuwa anasajili laini nyingine, na laini hiyo akaiuza. Aliyeinunua anaweza kukopa kupitia huduma za mikopo za mitandao ya simu, kisha akaitupa. Kwenye kumbukumbu, mkopaji ni wewe.

Kujua ni rahisi, wala hakuhitaji simu janja. Piga *106# kwenye simu yoyote, ufuate maelekezo, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo kwa kila mtandao. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni ya simu lenyewe (si kwa wakala wa mwavuli) ukiwa na kitambulisho, uikane na kuomba ifungwe. Kama tayari kuna deni juu yake, toa taarifa polisi upewe namba ya taarifa, ile tunayoiita RB, kisha umpelekee mkopeshaji nakala.

Kwa nini usumbuke kwa deni la elfu ishirini? Kwa sababu taarifa za mikopo huhifadhiwa. Benki Kuu imezipa leseni kampuni za kutunza taarifa hizo, zikiwemo Creditinfo na Dun & Bradstreet, na benki huangalia huko kabla ya kukukopesha. Mkulima anaweza kwenda kuomba mkopo wa mbolea, akaambiwa ana deni la miaka mitatu la simu ambayo hajawahi kuishika. Una haki ya kuomba kuona taarifa zako na kudai zirekebishwe kama zina makosa.

Serikali imefanya nini

Mikopo midogo nje ya benki inaongozwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kampuni zinazokopesha bila kupokea amana ziko daraja la pili, na kwa wanaokopesha kidijitali Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo maalumu Agosti 2024. Novemba mwaka huo huo Benki Kuu ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni na kibali, ikawatahadharisha wananchi wasizitumie.

Upande wa taarifa zetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Jina lako na namba yako ni taarifa binafsi. Anayezikusanya na kuzitumia bila msingi wa kisheria anaweza kushitakiwa kwenye Tume, na unaweza kumtaka aache kuzitumia. Na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia simanzi. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Kwa hiyo sheria ipo. Maoni yangu ni kwamba tatizo liko kwenye njia ya kuifikia. Orodha ya majina 69 inamsaidia anayetaka kukopa, aangalie kabla hajabonyeza. Haimsaidii sana mama wa viazi, kwa sababu anayempigia hatumii jina la kampuni. Anapiga kwa namba ya kawaida ya simu, anasema "mimi ni afisa mikopo", na ukimbana anakata. Programu nayo ikitajwa leo inaweza kurudi kesho na jina jingine.

Wenzetu wa Kenya wametangulia kidogo. Kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali, zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Kenya, zinakataza waziwazi kuchukua orodha ya majina ya mteja na kuwatumia watu hao meseji pale anapochelewa kulipa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Whitepath faini ya shilingi za Kenya milioni 5, na baadaye mwaka huo ikaitoza Mulla Pride zaidi ya milioni 2.9. Ninachokiona hapo ni kwamba faini hizo zilitanguliwa na malalamiko ya watu wa kawaida, wengi wao wakiwa hawajakopa chochote, waliokubali kuandika na kutuma ushahidi. Sisi huku tunalalamikia redioni, tunazima simu, yanaisha.

Simu ikilia, sema hivi

Muulize mambo matatu tu: kampuni gani, unamtafuta nani, namba yangu umeipata wapi. Usijibu maswali yake kabla hajajibu yako. Kama kampuni ina leseni, atataja jina. Ukilipata jina, unaweza kuliangalia kwenye orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu, au kuuliza kwenye ofisi zake zilizopo Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, Mtwara na Zanzibar. Kwa mwenye leseni, lalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha likishindikana huenda Benki Kuu. Kwa asiye na leseni, njia yako ni polisi na Tume.

Kisha tuma meseji moja, usibishane tena. Unaweza kunakili hii: "Mimi siye mnayemtafuta. Sijakopa kwenu na sijamdhamini mtu. Futeni namba hii kwenye kumbukumbu zenu. Mkiendelea nitapeleka malalamiko polisi na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi." Kwenye kiswaswadu itahesabika kama meseji mbili. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kuku.

Usifute meseji zao, hata zikiwa na matusi. Huo ndio ushahidi. Najua simu ndogo hujaa, basi nakili kwenye daftari: tarehe, saa, namba iliyotuma, na maneno yenyewe kama yalivyo. Mwenye simu janja apige picha ya skrini. Baada ya kunakili unaweza kuizuia namba isiingie tena.

Ukiambiwa tuma hela kwenye namba yenye jina la mtu binafsi, una sababu nzuri ya kuamini kwamba huyo ni tapeli tu, wala hana mdaiwa yeyote. Meseji za namna hiyo zipeleke kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu. Namba ya siri usimpe mtu, hata akijua jina lako na la baba yako.

Kuhusu kijana aliyekopa

Yule mama aliniuliza jambo la mwisho ambalo sikuwa na jibu la haraka. "Nikamwambie mama yake?"

Tufikirie meseji ile inataka nini. Anayeituma hategemei sana kwamba wewe utalipa, ingawa ukilipa atafurahi. Anataka umtafute kijana, umseme, umsimulie kwa jirani, mpaka aone haya ya kupita kijijini na akakope kwingine ili alipe. Anatumia mdomo wako bure kufanya kazi ya mkusanya madeni. Nimesikia ndoa iliyotetereka kwa meseji kama hizi, na mwalimu aliyeomba uhamisho baada ya wazazi wa wanafunzi kutumiwa picha yake.

Simtetei asiyelipa. Aliyekopa alipe. Lakini nilimshauri mama ampigie kijana mwenyewe, ampe taarifa kwamba namba za watu wake zimechukuliwa, na amwambie aiondoe programu ile kwenye simu na azungumze na waliomkopesha kwa maandishi. Asiende kwa mama yake, wala asiseme kisimani.

Mama alipiga tena Ijumaa. Kijana alipokea simu, akaomba radhi. Akasema alikopa kidogo kwa ajili ya tairi, na hakujua kwamba majina yangechukuliwa. Meseji zimeendelea kuja, kumi na moja hadi siku hiyo. Mjukuu anazinakili kwenye kurasa za nyuma za daftari la hisabati, na Jumatatu watalipeleka kwa polisi kata. Kuku hawajauzwa.